Nyonga: Mizani Ibebayo Mwili

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya mguu huo hubeba mzigo wa kiasi gani? Wengi watajibu kuwa ni kilo 60 au pungufu kidogo. Kwa hakika mzigo huo hukaribia kilo 150. Ili kufahamu ziada hiyo inatoka wapi, yafaa kwanza kulitazama umbile la kiungo chenyewe.

UMBILE LA NYONGA

Ncha ya juu ya mfupa wa paja ni ya mviringo kama tufe. Tufe hilo hukaa ndani ya kikombe kilichomo ubavuni mwa fupanyonga. Nyuso za tufe na kikombe zimefunikwa kwa gegedu laini, na baina yake mna ute uzuiao msuguano. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko ulioimarishwa kwa kano. Kano ya mbele ni miongoni mwa zile zenye nguvu kuliko zote mwilini. Mtu asimamapo wima, kano hiyo hukazika na kukizuia kiwiliwili kisiangukie nyuma, misuli nayo ikapumzika.

Kwa umbile hilo, paja huweza kwenda pande zote: kukunjwa mbele hadi nyuzi 120 hivi na kutanuliwa kando hadi nyuzi 45 hivi. Kurudi nyuma, hata hivyo, halizidi sana nyuzi 20. Bega lina uhuru mkubwa zaidi, lakini kikombe chake hakina kina, na kwa sababu hiyo huteguka kwa urahisi. Nyonga imepungukiwa na uhuru, ikapata uimara.

EGEMEO LA WENZO

Katika kila hatua, mtembeaji husimama kwa mguu mmoja kwa kitambo kidogo. Wakati huo uzito wa mwili hulielemeza fupanyonga upande wa mguu ulio hewani, na misuli ya ubavuni mwa nyonga hulivuta ili lisiiname. Nyonga huwa egemeo la wenzo, mfano wa mizani. Lakini mikono ya mizani hiyo si sawa: uzito uko yapata sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, na misuli yapata sentimita 5 tu. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu mara mbili ya uzito.

Mguu mmoja ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60, nyonga huelemewa na kilo 50 zilizosalia. Misuli huvuta kwa nguvu ya kilo 100, na egemeo hubeba vyote viwili. Vipimo vya nyonga bandia zilizotiwa vyombo vya kupimia, vilivyotangazwa na wataalamu wa Berlin mwaka 2001, vilionyesha kuwa mtu atembeapo kwa mwendo wa kawaida, nyonga hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wake.

MKONGOJO USHIKWE UPANDE GANI?

Mzee aumwaye nyonga ya kulia aghalabu huushika mkongojo kwa mkono wa kulia. Hesabu ya wenzo yaonyesha kuwa mkono wa kushoto ndio ufaao. Mkono huo uko mbali na egemeo, yapata sentimita 40. Akiukandamiza mkongojo kwa nguvu ya kilo 5 tu, mvuto wa misuli hushuka kutoka kilo 100 hadi 60 hivi, na mzigo wa nyonga kutoka kilo 150 hadi 105 hivi. Mwaka 1956 Walter Blount, daktari wa mifupa wa Marekani, aliwahimiza wenzake wasiidharau fimbo kwa sababu hiyo hiyo.

Mkongojo na mguu mgonjwa vitangulie pamoja. Urefu wake ufikie kifundo cha mkono, mtu akiwa amesimama wima na mkono umening'inia. Mkongojo hauponyi ugonjwa, na maumivu yasiyokoma, au kuchechemea kwa mtoto, ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Hata hivyo, kumhamishia mzee fimbo mkono wa pili hakugharimu senti, na humpunguzia nyonga karibu theluthi ya mzigo wake.