Nyambizi na Watoto wa Nchi Kavu

Mwezi wa Septemba, maji ya lambo yakiwa yamerudi nyuma na kuacha ukingo wa tope lililopasuka, nilisimama nje kidogo ya mji wa Bariadi pamoja na mzee aliyekaribia umri wa miaka 90, tukiwatazama ng'ombe wakisukumana kunywa. Mazungumzo yetu yalikuwa ya vita. Mzee aliagiza kopo la bati lenye kifuniko, akalifunga kamba, akalitupa majini likiwa tupu. Likaelea kama bata. Akalivuta, akalitia maji nusu na kulitupa tena. Likaelea kwa taabu, nusu ndani na nusu nje. Mara ya tatu akalijaza pomoni, nalo likashuka taratibu mpaka tusione ila kamba iliyonyooka kuingia majini.

"Ndiyo nyambizi hiyo, mjukuu wangu," akasema. "Kaka yangu alinionyesha hivi hivi aliporudi Bama. Ila yenyewe haina kamba. Waliomo ndani ndio wanaoyaruhusu maji kuingia, na wakitaka kupanda huyatoa kwa nguvu ya hewa."

Kaka huyo alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), mmoja wa vijana wa Usukuma waliovishwa kaptula na fulana za jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Pili, wakapelekwa kupigana katika misitu ya Burma, ambayo wao waliiita Bama. Mkoa wetu wa Simiyu, ulimo mji huu wa Bariadi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega iliyokuwa upande wa Mwanza, ni nchi ya pamba, dengu na mifugo, na ni Busega peke yake inayonawa miguu katika Ziwa Viktoria. Bahari ya chumvi wengi wetu huisikia tu katika hadithi na redio. Hata hivyo ukavu wa nchi haukuwa ngao kwa watu wake, kwani chombo kilichoendelezwa katika karakana za Japani, kikatengenezwa na kurekebishwa kwa muda wa miaka 40, kilikuja hatimaye kukutana baharini na watoto wa Afrika Mashariki wasiojua hata jina lake. Ndiyo maana tarehe ya nyambizi za Japani ni sehemu ya tarehe yetu sisi, na haifai kuachiwa mabaharia peke yao.

Japani iliagiza nyambizi zake tano za kwanza kutoka Marekani mwaka 1904, ilipokuwa vitani na Urusi, nazo zikakamilika mwaka uliofuata, zisiwahi kushiriki vita hivyo. Vilikuwa vyombo vidogo, vyenye harufu ya petroli na hatari nyingi, na hatari hiyo ilidhihirika tarehe 15 Aprili 1910, wakati nyambizi Nambari 6, iliyokuwa ikijaribiwa kwenda chini ya maji huku injini yake ikivuta hewa kwa bomba kutoka juu, ilipoingiwa na maji na kukaa sakafuni mwa bahari karibu na Hiroshima. Kamanda wake, Luteni Sakuma Tsutomu, aliandika kwa kalamu ya risasi, katika giza na hewa iliyokuwa ikiisha, sababu za ajali ile na nasaha kwa watakaokuja baada yake. Chombo kilipoopolewa, yeye na wenzake 13 walikutwa wamekufa, karibu wote wakiwa mahali pao pa kazi. Nayataja haya kwa taadhima, maana adui wa jana naye alikuwa mwanadamu, mwenye mama, mwenye hofu, na mwenye bidii ya kujifunza kutokana na msiba wake.

Na kujifunza walijifunza kwelikweli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Japani iligawiwa nyambizi saba za Kijerumani kama sehemu ya fidia ya ushindi, ikazichunguza msumari kwa msumari, kisha ikajenga zake zilizozipita kwa ukubwa na kwa mwendo. Zilizo mashuhuri katika hizo ziliitwa kwa herufi I na nambari. I-27, ambayo habari zake zinatuhusu zaidi, ilikuwa na urefu wa mita karibu 109, iliweza kusafiri maili za bahari 14,000 bila kuongeza mafuta, na nyambizi za aina yake ziliundiwa banda la kuhifadhi ndege ndogo ya kutumwa kupeleleza bandari za watu. Juu ya maji ilikwenda kwa dizeli, na chini, mahali ambapo injini haipati hewa, ilikwenda kwa betri; kwa hiyo ilikuwa kama mnyama anayewinda kwa pumzi aliyoibana, hana budi kuibuka kabla haijamwishia. Silaha yake ilikuwa topido iliyoendeshwa kwa oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida, na kwa kuwa gesi yake iliyeyuka majini badala ya kutoa povu jingi, mlinzi aliyesimama sitahani aghalabu hakuona mstari mweupe wa kumwonya.

Tadbiri ya wakuu wao ilikuwa kuzitumia nyambizi hizi kuzipunguza nguvu manowari za Marekani katika Bahari ya Pasifiki, wala si kuhangaika na meli za shehena. Lakini Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kuishambulia Ceylon, Waingereza walihamishia kundi lao la manowari za Mashariki Kilindini, Mombasa, na vita vikasogea mlangoni petu. Mwezi wa Mei mwaka huo nyambizi I-30 iliirusha ndege yake kupeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Na usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi mbili changa, kila moja ikiwa na watu wawili tu, ziliachiwa na mama zao nje ya bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaelekea manowari kubwa ya Kiingereza, Ramillies, ambayo ilijeruhiwa vibaya, na meli ya mafuta iliyokuwa karibu nayo ikazamishwa. Katika Juni na Julai zilizofuata, meli zaidi ya 20 zilizamishwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Baadaye, kutoka Penang katika Malaya, nyambizi za Japani zikafanya kazi ile ile ambayo wakuu wao waliidharau zamani: kuwinda meli katika Bahari ya Hindi.

Hivyo ndivyo I-27 ilivyokutana na meli Khedive Ismail. Meli hii iliyojengwa Marekani mwaka 1922, ikatumikia Chile kisha Misri, iliondoka Kilindini mapema Februari 1944 katika msafara wa meli tano za askari zilizoelekea Ceylon. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, na wengi wao, 996, walikuwa maofisa na askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa huduma za jeshi. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, jua likiwaka na bahari ikiwa shwari, baadhi ya abiria walikuwa wakisikiliza muziki na askari wengi wakiwa chini katika matumbo ya meli, topido mbili zilipiga. Dakika mbili hivi zilitosha meli kuzama. Mtu aliyekuwa ghorofa ya chini hakupata wasaa wa kuifikia ngazi, na ngazi zenyewe zilivunjika.

Kilichofuata ni kigumu kusimulia, na kigumu zaidi kukihukumu. Nyambizi ilijificha chini ya maji yale yale walimokuwa wakielea manusura, na manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zikijua kwamba meli nyingine nne zenye maelfu ya askari zilikuwa bado hatarini, ziliingia na kudondosha mabomu ya kulipuka kilindini, ambayo yaliwaua baadhi ya watu waliokuwa wakingoja kuokolewa nazo. I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ilijaribu kuiparamia ikapasuka ubavu, na Petard ikatupa topido moja baada ya nyingine mpaka ya saba ilipoimaliza. Jua lilipotua, wafu wa Khedive Ismail walikuwa 1,297, wanawake 77 miongoni mwao, na waliookoka 214 tu.

Leo askari wale wana ukumbusho katika makaburi ya vita jijini Nairobi, kwa ajili ya wale ambao bahari ndiyo kaburi lao. Lakini nani katika vijiji vyetu anajua habari zao? Wazazi wengi wa askari wa Afrika Mashariki hawakuwa na mwili wa kuzika, na walipopelekewa habari kwamba mwana amefia majini, hawakuwa na picha ya kitu kilichomuua. Kifo kisichofahamika huumiza mara mbili: mara ya kwanza kwa kuondoka mtu, mara ya pili kwa kukosa maneno ya kumsimulia. Mzee wangu wa lambo alipata maneno hayo katika kopo la bati, kwa sababu kaka yake, aliyeyavuka maji hayo hayo katika meli nyingine, alirudi na elimu pamoja na makovu.

Japani iliposhindwa mwaka 1945, nyambizi nyingi zilizosalia zilizamishwa na washindi. Muongo mmoja tu ulipita kabla haijaazimwa moja na Marekani mwaka 1955. Mwaka 1960 ikamaliza ya kwanza kuijenga yenyewe tangu vita, na mwaka 2020 ikaingiza kazini Ōryū, yenye betri za lithiamu zinazoiwezesha kubana pumzi muda mrefu zaidi. Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) haina nyambizi, wala sioni haya kwa hilo, maana taifa hununua vyombo kwa kadiri ya haja na mfuko wake. Lakini elimu haina gharama hiyo. Mtoto wa Maswa, Meatu au Itilima anastahili kujua jinsi chombo hiki kinavyozama na kuibuka, nani alikijenga na kwa nini, kwa kuwa babu zake walivuka bahari bila kuambiwa kinachoogelea chini yao.

Shime basi, walimu na watendaji wa kata, kila mahali alipobaki mzee mmoja anayekumbuka, apelekewe daftari. Siku ile mimi nilikuwa nalo. Mzee alilivuta kopo kwa kamba, akamwaga maji kwa ndama aliyekuwa karibu, akaketi juu ya jiwe, akaanza kunitajia majina ya vijana wa kijiji chake walioondoka kwenda Keya: jina, jina la baba, na mahali nyumba ilipokuwa. Yalifika 11. Alinitaka niyasome yote kwa sauti, na nilipokosea moja, alinisimamisha na kunirudisha mwanzo.