Jina Lako Nani, Mzee?

Nilikuwa nimekwenda kumzuru jirani yangu katika hospitali moja ya mwambao, wala sikuwa na azma ya kuandika neno, hata niliposikia, kitanda cha pili, muuguzi akimwuliza mzee mmoja jina lake, naye akalitaja, ilipopita robo saa akarejea na swali lile lile, na robo saa nyingine vivyo hivyo, mpaka binti wa mzee akaghadhibika: "Sista, jina la baba si mmeliandika kwenye faili?"

Jambo hilo lilinikaa rohoni, nikamfuata muuguzi mezani pake.

"Jina nalijua, kaka," akasema. "Nasikiliza linavyotoka. Likichelewa, au akinitajia la marehemu mkewe, najua damu inazidi kusukuma."

Mzee alikuwa na kiharusi kile cha mshipa kupasuka ubongoni, ambacho aghalabu ni zao la presha iliyoachwa miaka mingi. Na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu iliyomwagika haina budi kuubana ubongo. Na ili damu isizidi kumwagika, mgonjwa wa kiharusi hapewi aspirini, dawa ambayo huwafaa wenye mshipa ulioziba, kabla picha ya CT haijabainisha ni kiharusi kipi.

Swali lile la jina ni sehemu ya mtihani wa fahamu waliouasisi matabibu wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mwaka 1974: leo macho hupewa alama 4, maneno 5, na mwendo wa viungo 6, hata mwenye fahamu timamu akapata 15, na asiyefumbua jicho, asiyenena, asiyejongea, huyo naye hapewi sifuri, bali 3. Fauka ya swali, muuguzi ana kurunzi nyembamba kama kalamu, ambayo kwayo huimulika kila mboni kwa zamu, akitazama kama inasinyaa. Maana mboni moja ikipanuka na kuukataa mwanga, huenda ubongo umekwisha kusogea na kuibana neva ya jicho.

"Hapo siandiki kwanza," akasema. "Hapo namwita daktari."

Akanionyesha kichwa cha kitanda kilichoinuliwa nyuzi 30, na shingo iliyonyooshwa ili damu ishuke kwa wepesi. Na chini ya kiti, chupa ya uji aliyoileta binti kwa mapenzi, ambayo haitafunguliwa mpaka mzee apimwe kumeza, usije uji ukashukia mapafuni.

Nikamwuliza: usiku, akiwa peke yake na wodi nzima, nani huuliza jina la mgonjwa wa kitanda cha mwisho? Na mboni ikipanuka ilhali mpasuaji wa ubongo yuko mji mwingine, je?

Akatazama saa yake, akaniomba radhi, akatoa kurunzi mfukoni, akenda.