Chama Kinapogawanyika

Ndugu wanafunzi wa Chato, leo tutajifunza neno moja: mgawanyiko. Liandikeni katika madaftari.

Tuseme wavuvi ishirini wana chama chao. Wana katiba, muhuri na sanduku la fedha. Siku moja mwenyekiti anapatana na tajiri mwenye mitumbwi mingi. Nusu ya wanachama wanakataa. Je, jina la chama ni la nani? Muhuri ni wa nani?

Jambo la namna hiyo liliwapata jirani zetu wa Kenya, katika chama cha Wakomunisti. Mkomunisti ni mtu anayeamini kwamba ardhi, viwanda na migodi, kama ile ya dhahabu, iwe mali ya watu wote, si ya matajiri wachache. Nchi kubwa iliyoshika imani hiyo ilikuwa Umoja wa Kisovieti. Umoja huo ulivunjika Desemba 1991. Watu wengi walidhani ukomunisti umekwisha. Mwezi huo huo, Kenya ilifuta kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu.

Mwaka 1992 kikaundwa huko chama cha SDP. Mwaka 1997 mgombea wake wa urais alikuwa Bibi Charity Ngilu. Mwaka 2019 chama hicho kilibadili jina, kikaitwa Chama cha Kikomunisti cha Kenya.

Ukaja uchaguzi wa Agosti 2022. Mwenyekiti, Bwana Mwandawiro Mghanga, na wenzake waliunga mkono muungano wa Kenya Kwanza wa Bwana William Ruto. Wengine, akiwamo Bwana Booker Omole, walikataa. Chama kikawa na pande mbili. Novemba 2024 upande wa Bwana Omole ulifanya mkutano mkuu, ukaongeza jina la Marx katika jina la chama. Marx ni yule Mjerumani aliyeandika mafundisho ya ukomunisti.

Nani alikuwa na haki? Somo hili halihukumu. Chama kidogo kikiungana na kikubwa huweza kupata sauti serikalini. Lakini pia huweza kumezwa. Hayo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana watu wenye imani moja waligombana.

Basi, sisi tunajifunza nini? Ninyi mna vyama vya ushirika wa pamba, na vikundi vya kuweka na kukopa. Someni katiba zenu kabla ya ugomvi, si baada yake. Tafuteni mambo matatu: nani anaitisha mkutano, wanachama wangapi watosha kukata shauri, nani ana ruhusa ya kupatana na watu wa nje. Asiyejua kusoma husomewa, na msomaji huweza kuruka mstari.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka gani?
2. Wakomunisti wa Kenya waligawanyika kwa sababu gani?
3. Katika kikundi chako, nani anashika muhuri, na katiba yasemaje?