Gesi au Indaksheni: Hesabu Inayoanzia kwenye Sufuria

Familia ya mjini inayoachana na mkaa hukuta njia mbili mbele yake: mtungi wa gesi au jiko la umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unalenga kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na njia zote mbili zimo. Uamuzi wa ipi ichukuliwe unabaki kwa mwenye nyumba, na mara nyingi hufanyika dukani kwa kuangalia bei ya jiko peke yake. Bei ya jiko ni sehemu ndogo ya jambo hili. Tulitazame tangu mwanzo, yaani namna joto linavyofika kwenye chakula.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Ukifungua regyuleta, kimiminika hicho hugeuka kuwa gesi, hupita kwenye mpira, huchanganyika na hewa kwenye kichomeo, kisha huwaka. Mwali hupasha kitako cha sufuria, lakini hewa yake ya moto haitulii pale. Hupanda pembeni mwa sufuria na kwenda zake darini, ndiyo maana mpishi wa gesi hutoka jasho. Kwa makadirio ya kawaida, karibu nusu tu ya joto la gesi huingia kwenye chakula.

Indaksheni haina mwali. Chini ya kioo chake kuna koili ya shaba. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Saketi za jiko huongeza mizunguko hiyo hadi kupita 20,000, kisha huupeleka umeme kwenye koili. Mkondo unaogeukageuka kwa kasi hiyo huzalisha ugasumaku, yaani eneo la nguvu za sumaku, nao unaogeukageuka. Ugasumaku ukipenya kitako cha chuma, huamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma chenyewe. Ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Chuma huikinza mikondo hiyo, na ukinzani huo ndio unaoleta joto. Kwa hiyo sufuria hujipasha yenyewe, na kioo hupata moto kwa sababu tu kimekaliwa na sufuria ya moto. Karibu asilimia 85 ya umeme huishia kwenye chakula.

Hapo ndipo penye kikwazo ambacho mnunuzi anapaswa kuelezwa kabla hajatoa pesa. Sufuria nyingi za nyumba zetu ni za alumini, na alumini hainaswi na sumaku. Jiko la kawaida la indaksheni halitaitambua; litatoa mlio na kujizima. Chungu cha udongo nacho ni hivyohivyo. Kipimo ni chepesi: gusisha sumaku ndogo kwenye kitako, na ikinasa barabara, chombo kinafaa. Kikaango cha chuma cha chapati kinafaa, sufuria za enameli zinafaa, na za chuma kisichoshika kutu zinafaa baadhi tu. Kitako nacho kiwe bapa. Karai la mviringo la kukaangia maandazi, hata likiwa la chuma, hugusa kioo katikati tu. Mwenye kabati zima la alumini asidhani ananunua jiko pekee. Ananunua na vyombo.

Dukani kuna jambo jingine la kuangalia. Majiko ya infraredi yana uso wa kioo kama huohuo, lakini ndani yake mna waya unaowaka. Hayo hupokea sufuria yoyote, ila hayafikii ufanisi wa indaksheni. Omba liwashwe bila sufuria: kioo kikiwa chekundu, hilo ni la infraredi.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu uniti 12.8 za umeme. Nusu yake, uniti 6.4, ndiyo inayofika kwenye chakula. Ili indaksheni ifikishe kiasi hichohicho, tunagawa 6.4 kwa 0.85 na kupata uniti 7.5. Basi mtungi wa kilo 15 hufanya kazi ya uniti kama 113, na wa kilo 6 kazi ya uniti 45. Mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, akinunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, uniti 113 zinamgharimu shilingi 40,000 na ushei. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kando ya bei ya mtungi wa kilo 15 mtaani kwako. Mtungi ukiuzwa zaidi ya hapo, umeme ni nafuu. Ukiuzwa chini ya hapo, gesi inashinda. Aliyeko Nairobi au Kampala abadilishe bei tu.

Mteja wa matumizi madogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi na anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, ana tahadhari yake. Akihamishia mapishi yote kwenye umeme, atavuka kiwango hicho, na nafuu aliyokuwa nayo kwenye taa na friji itaondoka pia. Huyo apige hesabu ya nyumba nzima, si ya jiko pekee.

Kuna na suala la bei kupanda. Wengi huamini kuwa gesi ya mtungi ndiyo ile ya Mtwara. Siyo. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani. Husafirishwa kwa bomba, na nyingi huchomwa Ubungo na Kinyerezi kuzalisha umeme. Gesi ya mitungi huletwa kwa meli kutoka nje, hivyo bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi. Umeme wa gridi hutegemea zaidi gesi yetu wenyewe na maji, hasa ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere limejengewa uwezo wa megawati 2,115.

Chakula nacho kina masharti yake. Ugali wa watu wengi husongwa kwa nguvu, na sufuria huteleza juu ya kioo. Kwenye jiko la gesi lenye vyuma imara hutulia zaidi. Mchuzi wa nazi unataka moto mdogo usioyumba, la sivyo tui hukatika. Indaksheni nyingi za bei rahisi haziwezi hilo, kwani kwenye moto mdogo huwaka sekunde chache na kuzima, huwaka tena na kuzima. Kwa maji ya chai, wali na kuchemsha maziwa, indaksheni haina mshindani: lita mbili za maji hutaka karibu robo ya uniti tu, na jiko la wati 2,000 huzichemsha kwa dakika saba hivi.

Kuhusu hewa, gesi ni salama mno kuliko mkaa, na hilo lisisahauliwe. Hata hivyo mwali wake hutoa naitrojeni dayoksaidi, inayowasumbua zaidi watoto na wenye pumu katika jiko lisilo na dirisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda sakafuni, kwa hiyo chumba cha jiko kinahitaji tundu la hewa chini, si juu pekee. Indaksheni haina hatari hizo, lakini huvuta karibu ampea 9. Isichomekwe kwenye waya mwembamba wa kuongezea, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza.

Nikiweka yote pamoja, kwa nyumba yenye umeme unaotulia na mtungi wa kilo 15 unaozidi shilingi 40,000, ningechagua indaksheni ya plate moja kwa chai, wali na mboga za kila siku, na kubaki na mtungi wa kilo 6 kwa ugali, karai na nyakati umeme unapokatika. Nyumba ambayo umeme hukatika kila wiki, au yenye nyaya chakavu, ibaki na gesi kwa sasa na kuongeza dirisha. Na anayehama aanze na sufuria mbili zinazonasa sumaku, ya wali na ya mboga, kisha ndipo anunue jiko.