Kushinda leo si kuongoza: namna ya kufuatilia mbio za baiskeli za siku nyingi

Katika taarifa ya michezo huenda umewahi kusikia hivi: fulani ameshinda hatua ya leo, lakini jezi ya njano inabaki kwa mwingine. Wasikilizaji wengi huishia hapo na kujiuliza: inawezekanaje mtu afike wa kwanza, halafu anayeongoza awe mtu mwingine?

Swali hilo ndilo mlango wa mchezo huu. Ukilielewa, unaweza kufuatilia mbio za baiskeli za Rwanda au za Ufaransa ukiwa Mpanda, Inyonga au Karema, hata kama huna televisheni. Usipolielewa, utaona watu wanapita tu na baiskeli.

Hapa Katavi baiskeli si kitu kigeni. Inabeba mkaa, mahindi, ndoo za maji na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Jamii zilizohamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa zimetoka mahali ambako mashindano ya baiskeli huvuta watu wengi kama mpira. Kwa hiyo ugumu wa kupanda mlima kwa pedeli unaujua tayari. Kilichobaki ni kujua hesabu.

Hesabu ni ya saa, si ya nafasi

Mbio za siku nyingi hugawanywa katika hatua. Kila siku ni hatua moja: wanaanzia mji huu, wanamalizia mji ule. Kila mwendesha baiskeli hupimwa muda aliotumia. Muda wa leo unajumlishwa na wa jana na wa juzi. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayeongoza, na siku ya mwisho ndiye bingwa.

Fikiria ligi ya mpira. Kushinda mechi moja mabao matano kwa sifuri ni raha, lakini hakukupi kombe. Hatua ni kama mechi, na jumla ya muda ni kama msimamo wa ligi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna mbio za siku tatu mkoani kwetu, na vijana watatu: mmoja wa Majimoto, mmoja wa Karema na mmoja wa Inyonga.

Siku ya kwanza barabara ni tambarare. Wote watatu wanafika katika kundi moja, kijana wa Majimoto akiwa mbele kwa urefu wa gurudumu. Anapewa ushindi wa siku. Lakini waliofika pamoja katika kundi moja huandikiwa muda ule ule, kwa hiyo wote watatu wana saa 2 kamili.

Siku ya pili ni ya milima. Kijana wa Inyonga anashinda kwa saa 3. Wa Karema anamfuata kwa sekunde 20. Wa Majimoto ana mwili mzito na mlima unamshinda. Anafika dakika 6 baadaye.

Siku ya tatu ni tambarare tena. Wa Majimoto anashinda kwa saa 2 na dakika 30, na wa Karema yumo katika kundi lake. Wa Inyonga anapata pancha karibu na mwisho, anapoteza sekunde 45.

Jumlisha sasa. Karema ana saa 7, dakika 30 na sekunde 20. Inyonga ana saa 7, dakika 30 na sekunde 45. Majimoto ana saa 7 na dakika 36. Bingwa ni kijana wa Karema, ambaye hakushinda hata siku moja. Wa Majimoto aliyeshinda mara mbili ni wa tatu.

Mambo hayo hutokea kweli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa baiskeli na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2017 hakushinda hatua hata moja, lakini alimaliza akiwa bingwa kwa sekunde 54. Na mwaka 1989, baada ya majuma matatu na zaidi ya kilomita 3,200, Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu. Sekunde nane ni muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja.

Jezi zinasema nini

Katika Tour de France, jezi ya njano huvaliwa na anayeongoza kwa jumla ya muda. Ya kijani ni ya mwenye pointi nyingi, zinazopatikana kwa kufika miongoni mwa wa kwanza kwenye mstari wa mwisho na kwenye vituo fulani njiani. Nyeupe yenye madoadoa mekundu ni ya bingwa wa milima. Nyeupe tupu ni ya kijana anayefanya vizuri kuliko vijana wenzake.

Ndiyo maana siku moja kunakuwa na mashindano kadhaa ndani ya shindano moja. Kijana wetu wa Majimoto hawezi kuota jezi ya njano, lakini ya kijani inamfaa kabisa.

Biniam Girmay wa Eritrea ni mfano mzuri. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Turin, Italia, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda nyingine mbili. Siku zilipobaki chache, akiwa na jezi ya kijani, alianguka karibu na mji wa Nîmes. Aliinuka akamaliza siku hiyo akiwa na majeraha, na mpinzani wake wa karibu Jasper Philipsen akashinda. Tofauti ya pointi ikapungua. Kwa mtu aliyetazama jezi ya njano pekee, siku hiyo haikuwa na jambo kubwa. Kwa aliyefuatilia ya kijani, zilikuwa siku za kushika roho mkononi mpaka Nice, ambako Girmay aliihifadhi jezi yake hadi mwisho.

Kwa nini wanatembea kundini

Ukirudi shambani kwa baiskeli upepo ukiwa mbele yako, unajua unavyochosha. Sasa jaribu kukaa nyuma ya mwenzako kwa karibu. Yeye anapasua upepo, wewe unapumzika. Anayekaa nyuma huokoa karibu theluthi ya nguvu, na ndani ya kundi kubwa anaokoa zaidi.

Hapo ndipo kazi ya timu inapoanza. Katika Tour de France kila timu huwa na watu 8, na kwa kawaida mmoja ndiye anayepigania ubingwa. Wengine wanamkinga upepo, wanarudi kwenye gari la timu kumchukulia maji, na akipata pancha mwenzake anaweza kumpa gurudumu lake mwenyewe na kubaki barabarani akisubiri gari. Majina yao husikika mara chache, lakini bila wao hakuna bingwa.

Karibu kila siku utasikia pia kwamba watu wachache wamechomoka mbele ya kundi kwa dakika tatu au nne. Usidhani mchezo umekwisha. Wachache hao wanapasua upepo wenyewe na wanachoka, na kundi la nyuma linabadilishana kazi. Mara nyingi wanakamatwa zikiwa zimebaki kilomita chache. Wasipokamatwa, umeshuhudia siku nzuri. Kwa hiyo, unaposikiliza au kusoma, tafuta namba mbili: wametangulia kwa muda gani, na zimebaki kilomita ngapi.

Mlimani hesabu hubadilika. Mwendo unapungua, upepo unapoteza nguvu yake, na kila mtu anabaki na mapafu yake. Ndiyo maana ubingwa huamuliwa zaidi milimani. Jambo jingine la kuamua ni siku ya kukimbia mmoja mmoja: kila mtu anaondoka peke yake akipambana na saa, bila mgongo wa kujificha. LeMond alimpindua Fignon siku ya namna hiyo.

Anza na majirani: Rwanda

Kwa msikilizaji wa Katavi, mbio zilizo karibu zaidi za kiwango cha kimataifa ni Tour du Rwanda. Zimo kwenye kalenda ya shirikisho la dunia la baiskeli tangu 2009, na mwaka 2019 zilipandishwa daraja. Hufanyika mwezi wa Februari, wakati mwingine zikiingia siku za mwanzo za Machi, na kwa kawaida huchukua siku 8. Hatua ya kilomita 150 ni kama kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike na kurudi, mara mbili, ila huko ni milima kupanda na kushuka.

Mwaka 2014 Valens Ndayisenga alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kuzishinda tangu ziingie kwenye kalenda hiyo, akarudia 2016. Joseph Areruya alishinda 2017 na Samuel Mugisha 2018. Baada ya daraja kupanda, timu kubwa zaidi zikaja na ushindani ukawa mkali. Waeritrea wamezitawala mara kadhaa: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, na Henok Mulubrhan 2023. Mwingereza Joe Blackmore alishinda 2024, na Mfaransa Fabien Doubey 2025.

Mwaka 2023 Froome mwenyewe alikuwepo Rwanda. Alichomoka peke yake, watu wakaanza kuona kama zamani imerudi, kisha pancha ikamharibia. Fundi wa baiskeli yeyote wa Mpanda angemwonea huruma.

Usichanganye mbio hizi na mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Yale ni ya siku moja kwa kila kundi: anayefika wa kwanza ndiye bingwa, hakuna kujumlisha. Katika mbio za wanaume, zaidi ya kilomita 260 za kupanda na kushuka vilima vya Kigali, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na watu 30 tu ndio waliomaliza.

Kufuatilia kwa simu bila kumaliza bando

Video ya moja kwa moja hula bando haraka, na hatua moja inaweza kuchukua saa nne au tano. Maandishi na orodha za matokeo hula kidogo sana. Fungua tovuti ya mbio zenyewe jioni, soma, funga. Ukitaka picha, tafuta muhtasari wa dakika chache baada ya hatua kwisha.

Ukifungua matokeo utakuta orodha mbili. Ya kwanza ni ya hatua ya siku. Ya pili ni ya msimamo wa jumla, na hiyo ndiyo ya kusoma kwa makini. Juu kabisa umeandikwa muda kamili wa anayeongoza. Chini yake kila jina lina alama ya kujumlisha na namba: +0:25 maana yake yuko nyuma kwa sekunde 25. Andika majina matano ya juu kwenye daftari kila jioni. Siku ya nne utaanza kuona nani anapanda, nani anaporomoka.

Kumbuka saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja: ikiwa saa nne asubuhi Kigali, Mpanda ni saa tano. Ufaransa nayo, mwezi wa Julai, iko nyuma yetu kwa saa moja. Hatua nyingi za Tour de France humalizika yapata saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu, wakati watu wametoka shamba.

Usisahau pia kwamba katika mbio nyingi watatu wa kwanza wa hatua hupunguziwa muda kama zawadi. Katika Tour de France ni sekunde 10, 6 na 4. Wakati mwingine ndizo zinazobadilisha jezi. Na anayechelewa kupita kiasi kilichowekwa huondolewa, ndiyo maana utaona watu wa nyuma kabisa nao wanakazana.

Jambo moja la tahadhari

Mchezo huu umewahi kuumizwa na dawa zilizokatazwa. Lance Armstrong wa Marekani alishinda Tour de France mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, na mwaka 2012 akanyang'anywa zote. Shabiki anayejua hilo hushangilia, lakini hamfanyi mtu yeyote kuwa malaika.

Mahali pa kuanzia

Usijaribu kuwajua wote. Chagua mmoja: Mwafrika Mashariki, kijana wa jezi nyeupe, au hata yule wa mwisho. Mfuate siku zote nane za Rwanda. Kila jioni jiulize mambo matatu: leo amepoteza au amepata sekunde ngapi, kwa nini, na kesho ni mlima au tambarare?

Ukiweza kujibu hayo, siku utakaposikia redioni kwamba fulani ameshinda lakini jezi imebaki kwa mwingine, hutauliza tena inawezekanaje. Utauliza: imebaki kwa sekunde ngapi?