Mtaka Picha Safi Hana Budi Apande Juu

Ukipita Likoni, Kisauni au Changamwe na kuinua macho juu ya paa za mabati, utaona msitu wa milingoti. Mingine ni ya chuma, mingine ni boriti za mikoko, na vileleni mna eriali za kila namna. Nyingine zimefungwa vifuniko vya sufuria ati visaidie kazi. Ajuaye kuisoma milingoti hiyo hutambua ni nani anayeona picha safi na ni nani aliyetupa fedha zake.

Mombasa ilipata kituo cha televisheni mwaka 1970, enzi za Sauti ya Kenya. Siku hizo mawimbi yakidhoofika, picha ilijaa chenga lakini mtu aliweza kuifuata. Kijana alipanda darini kuzungusha mlingoti, na ndugu zake wakampigia kelele dirishani: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa Mombasa, na dijitali ikashika zamu. Hii haina huruma. Mawimbi yakipungua kupita kiasi, picha hukatika vipande, huganda, kisha hutoweka kabisa. Kwa hiyo ile "hapo hapo" ya zamani sasa ina thamani kubwa zaidi.

Na hapa ndipo wajanja walipopata soko. Madukani nimeonyeshwa eriali zilizoandikwa "dijitali" kwa herufi kubwa, na bei nayo kubwa vilevile. Ndugu msomaji, eriali haijui dijitali wala analogi. Ni vyuma vinavyonasa mawimbi tu. Kuyafasiri ni kazi ya king'amuzi, au ya televisheni yenyewe ikiwa ina uwezo wa mfumo wa DVB-T2 unaotumika Kenya. Hata umbo la eriali yenye vijiti vingi si jipya. Lilibuniwa na Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, katika miaka ya 1920.

La kuangalia dukani ni urefu wa vijiti. Matangazo ya dijitali hupita katika masafa ya UHF, ambayo mawimbi yake ni mafupi, kiasi cha nusu mita hivi. Basi vijiti vyake huwa kama shubiri moja au kuzidi kidogo. Ukiwa na eriali nzima ya UHF tangu zamani, usiitupe.

Lakini hata eriali bora haifai kitu mahali pabaya. Mawimbi haya husafiri karibu sawa na mwangaza wa kurunzi: ghorofa huyazuia, kilima huyazuia, na miembe yenye majani mabichi huyapunguza, hasa majani yakilowa wakati wa masika. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja wa Kisauni huweza kutofautiana kabisa. Mtaka cha mvunguni huinama; mtaka picha safi hana budi apande juu. Mita mbili za mlingoti huweza kukufaa kuliko vijiti kumi vya ziada.

Kabla ya kupiga msumari, tazama eriali za majirani wanaoona vizuri zimeelekea wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Ile ncha yenye vijiti vifupi ndiyo ielekee kwenye mnara. Kisha zungusha polepole huku mwenzako akitazama kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye kioo. Usiridhike na kipimo cha nguvu peke yake. Kifaa cha kuongeza nguvu nacho si dawa ya kila ugonjwa, kwani hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake. Kikihitajika, kikae juu karibu na eriali, si chini karibu na televisheni.

Adui mwingine wa pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hula viungo, na shaba ikigusana na alumini huoza upesi. Nunua waya mzito wa duara wa omu 75, usiunganishe vipande, na kifunge kiungo kwa utepe wa mpira. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Jambo kubwa kuliko yote ni uhai. Simamisha mlingoti mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wa mlingoti wenyewe, ili hata kusi ikiuangusha usizifikie. Ufunge kwa waya za kuushikilia pande tatu. Asipande mtu mabati yakiwa yamelowa, na mtoto asipande kabisa.

Nionavyo mimi, nyumba yenye wapangaji sita haina haja ya milingoti sita. Wakichanga fedha, watapata mmoja mrefu ulio imara, na eriali nzuri yenye kigawanyio cha kufikisha waya katika kila chumba. Kila mgawanyo hupunguza nguvu, kwa hiyo hapo kile kifaa cha kuongeza nguvu huwa na kazi ya haki. Umoja ni nguvu, walisema wazee, na gharama ya mlingoti haiogopeshi ikibebwa na watu sita.