Wazawa wa Eastlands Wasio na Ushago

Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ya Kenya ilijikuta ikigombana na walipa kodi wenye dai ambalo halijasikika tena tangu siku hizo: walitaka watozwe zaidi. Sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa watu waliohesabiwa kuwa si wenyeji ilikuwa imewapangia Waasia shilingi 30 na Wasomali shilingi 20. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, waliokuwa Nairobi na katika miji ya biashara ya mifugo, waliikataa nafuu hiyo. Walisisitiza kulipa shilingi 30 kama Waasia, na mzozo ukaendelea hadi vita vya pili vya dunia vilipokuwa vimeshika moto.

Walijua walichokifanya. Katika Kenya ya wakati ule, asili ya mtu ndiyo iliyoamua alazwe wodi gani, ajenge upande gani wa mji na kama atalazimishwa kubeba kipande, kitambulisho cha Mwafrika. Tangu 1919 kulikuwa na sheria iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya "wenyeji" kwa mambo fulani. Kushushwa shilingi 10 kulikuwa ni kushushwa daraja. Kwa hiyo Waisaaq walileta nasaba yao mezani: babu yao, Sheikh Isaaq, ambaye mapokeo yao yanamtaja kuwa alitoka Arabuni na kaburi lake liko Maydh, kwenye ufuo wa Ghuba ya Aden. Waliandika maombi hadi London, wakisaidiwa na jamaa zao waliokuwa Uingereza. Serikali haikuwapa hadhi ya Uasia.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa na kila anayefuatilia asili ya watu wa Eastlands. Upande huu wa Nairobi, swali la "babu yako alitoka wapi" halijawahi kuwa maongezi ya barazani tu. Limeamua kodi, ploti na, hadi leo, kitambulisho.

Waisaaq wenyewe waliingia mapema, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli. Wengine walikuja kama askari, wafasiri na waongozaji wa misafara. Lord Delamere, aliyefika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897, alikuwa ameanzia safari yake Berbera na alikuja na Wasomali. Wengine walikuja na mifugo ya kuuza. Awali waliishi upande wa Ngara, kisha wakahamia Eastleigh, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko walijirani na Wahindu, Masingasinga, Waislamu kutoka Punjab na Wakatoliki wa Goa. Kwa miongo kadhaa Eastleigh ilikuwa zaidi ya Waasia kuliko ya Wasomali.

Vuka upande wa pili ufike Pumwani na hadithi inageuka. Kabla ya Pumwani, Waafrika walioishi mjini bila kuwa vibarua wa makambini walikuwa na vijiji vyao: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Majina ya vijiji hivyo yanaonyesha waliokuwemo, maana wengi walikuwa Waislamu waliofuata njia ya misafara na reli kutoka pwani. Walikuwemo Waswahili, Wadigo, Wanyamwezi na Wamanyema, ambao asili yao ni mashariki mwa Kongo na waliozoea kazi ya upagazi tangu enzi za biashara ya pembe. Vita vya kwanza vya dunia viliongeza watu. Wapagazi wa jeshi la Waingereza waliletwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, na kambi yao ya Nairobi ikaacha jina la Kariokor, soko tunalolijua sasa kwa nyama choma na vyondo.

Halmashauri ya mji ilivibomoa vijiji hivyo kimoja kimoja na kuwahamishia watu Pumwani, mtaa rasmi wa Waafrika, miaka ya 1920. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi. Ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa ili kuwapokea waliofukuzwa. Pumwani ilikuwa na utaratibu wake: halmashauri ilitoa ploti, mwenye ploti akajijengea. Ndivyo ilivyopatikana Majengo, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba vya kupangisha pande zote mbili.

Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi, na hapo ndipo kazi ya kufuatilia nasaba inapokuwa ngumu na tamu kwa pamoja. Mwanahistoria Luise White aliandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba na makazi ya Nairobi ya kikoloni. Walikuwa wanawake wa Kikuyu, Kikamba, Kinandi na wengineo, waliotoka kwao kwa sababu mbalimbali, wakajitafutia riziki mjini, wakanunua au kujenga nyumba. Wengi walisilimu. Kusilimu kuliwapa jina jipya, jamaa wapya na mahali pa kuzikwa. Mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwachia nyumba binti aliyemlea au dada wa imani, badala ya kaka aliyebaki kijijini na asiyemjulia hali.

Mjukuu anayetaka kujua bibi yake alikuwa nani anakutana na ukuta hapo. Jina la baba kwenye karatasi huenda si la baba mzazi, kwa kuwa desturi ya kumpa aliyesilimu ubini wa Abdallah ilienea kote kwenye Uislamu wa pwani. Kabila lililoandikwa linaweza kuwa la aliyemlea. Ukihesabu kwa damu peke yake, nusu ya Majengo haina asili. Ukihesabu kwa malezi, ndoa, maziko na urithi wa nyumba, asili iko wazi kabisa: ni watu wa Pumwani, kizazi cha tatu, cha nne na zaidi. Desemba, mabasi yanapojaa abiria wanaokwenda ushago, kwao vijijini, watu wa Pumwani hubaki. Hakuna kwingine pa kwenda.

Tatizo ni kwamba dola haijawahi kuwa na safu ya kuandikia jibu hilo. Kipande, kilichoanza kutumika kwa nguvu baada ya vita vya kwanza, kilitaka kabila na chifu. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa kikoloni dhidi ya Mau Mau, kabila lililokuwa kwenye karatasi liliamua nani apandishwe lori kupelekwa kizuizini. Uhuru haukuifuta tabia hiyo. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kupigwa msasa mbele ya kamati, waeleze ukoo wao, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Walioishi Eastleigh tangu babu zao walipanga foleni moja na aliyevuka mpaka juzi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walipofurika Eastleigh na nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuka jengo la maduka, tofauti kati ya mkongwe na mgeni ilizidi kupotea machoni pa polisi. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu walikusanywa na wengi kuzuiliwa uwanja wa Kasarani.

Yapo yaliyobadilika. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44, zaidi ya karne moja baada ya reli kujengwa. Mwaka huohuo Wanubi wa Kibera, wazao wa askari waliotoka Sudan, walipata hatimiliki ya sehemu ya ardhi yao. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Ni hatua njema. Ila kijana aliyezaliwa hospitali ya Pumwani, mama yake na bibi yake wakazaliwa hapohapo, hatoki mpakani. Naye pia hastahili kudaiwa cheti cha babu.

Dai hilo lina kichekesho chake. Sheria za kikoloni za kuandikisha vizazi ziliwahi kuwafikia Wazungu na Waasia muda mrefu kabla ya kuwafikia Waafrika. Dola inamdai mjukuu karatasi ambayo yenyewe haikumpa babu.

Hata hivyo, ushahidi haukosekani, ukijua pa kutafuta. Wagoa wana daftari za ubatizo na ndoa parokiani. Waislamu wana vyeti vya nikahi na mahakama ya kadhi, ambako mashauri ya mirathi hutaja ndugu, wake na watoto walioachwa. Makaburi ya Waislamu ya Kariokor yapo. Jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, linatunza mafaili ya utawala wa kikoloni, na mwananchi ana haki ya kuyasoma. Kadi za ploti, stakabadhi za kodi ya nyumba na picha za harusi zimelala kwenye masanduku ya vyumbani. Kisha kuna wazee, wanaojua nani alimlea nani na nyumba ipi ilikuwa ya nani kabla ya kuuzwa.

Muda hautoshi. Mitaa ya kale ya Eastlands imo kwenye mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, umeanza kuondolewa. Nyumba ya Kiswahili ikivunjwa, wapangaji hutawanyika, na jirani aliyekuwa shahidi wako anahamia Kayole au Ruai.

Kwa hiyo, msomaji uliye na bibi Majengo au babu Eastleigh, mkalie wikendi hii na simu ikirekodi. Muulize majina, nyumba, misikiti, makanisa, waajiri na makaburi. Piga picha kila karatasi iliyo sandukuni kabla panya hawajaitangulia. Na kwa walio madarakani: uraia uthibitishwe kwa mahali mtu alipozaliwa, kusoma na kuishi, maana hayo ndiyo yanayoweza kuthibitishwa. Nasaba waachiwe wenye nayo.